Askofu na Katekista Masikioni Mwangu

4 Mei

Mimi Silvesta, manju, yaani mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma la Bagika, sijawahi kushindwa ngoma tangu nianze kuimba. Siku nikifa, mwandike hivyo kwenye msalaba wangu.

Baadaye, siku hiyohiyo

Nimesoma nilichoandika hapo juu. Ni uongo. Mwaka jana George wa Ushirombo, manju wa kundi pinzani la Bagalu, alinipiga mchana kweupe mbele ya wakwe zangu. Tulikuwa uwanja mmoja, kundi hili huku na lile kule, watazamaji wakihamia wanakopendezwa, ndivyo ngoma zetu zinavyoamuliwa. George akanitukana kwa wimbo. Manju akitukanwa lazima ajibu palepale. Mimi nikaendelea kuimba habari za bei ya pamba, maana sikusikia kitu. Watu wote wakahamia kwake. Nikabaki na wapiga ngoma wangu na mbuzi mmoja, na huyo mbuzi alikuwa amefungwa.

Masikio yangu yaliharibiwa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Bugarama. Nilizisimamia mpaka ndevu zikawa nyeupe. Dhahabu walichukua wengine, kelele nikaondoka nazo mimi.

Sasa vijana wa kundi wanataka Saba Saba hii aimbe mtu mwingine. Hawajaniambia. Ila nikikaribia wananyamaza, jambo la kipumbavu kabisa, maana hata wakiendelea sisikii.

8 Mei

Mvua ya mwisho mwisho. Pamba imeanza kupasuka. Dorah, binti yetu mwenye duka la vitenge Kambarage, ametuma ujumbe: "Baba, jiandae, nakuja kukuchukua twende kwenye masikio." Nimejibu kwamba masikio yangu ninayo huku.

13 Mei

Nipo mjini Shinyanga, kwa Dorah. Leo nitaandika mengi, mtanisamehe.

Tulikwenda kwa mtaalamu wa masikio, kijana mpole anaitwa Nuruddin. Akanifungia kwenye chumba kidogo kama kizimba cha kuku, akanivisha vitu kichwani, akaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa humo muda mrefu nikingoja aanze. Kumbe alikuwa ameshamaliza.

Halafu akaleta vitu viwili vidogo, kila kimoja kama mbegu ya boga iliyoshiba, vina mkia mwembamba wenye kofia ya mpira. Akavipachika nyuma ya masikio yangu, kofia ikaingia ndani. Akabonyeza kompyuta yake.

"SHIKAMOO, MZEE!"

"Marahaba. Mbona unapiga kelele? Unadhani mimi kiziwi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia suruali yangu. Kila nikisogeza mguu, suruali inasema. Kiti kinasema. Nje kuna mtu anafagia na nasikia kila unyasi wa ule ufagio. Dorah akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, unanisikia?" Sauti yake imekuwa nzito. Mara ya mwisho kuisikia vizuri ilikuwa ya msichana. Nikamwambia anyamaze kidogo kwa sababu nilikuwa na vumbi machoni. Humo ndani hamkuwa na vumbi.

Kijana akatupa masharti. Hivi vyombo havitumii betri za kununua, vinachajiwa kama simu. Kila jioni nivivue, nivifute kwa kitambaa kikavu, nipitishe kijibrashi kwenye kofia kutoa nta, kisha nivilaze kwenye kisanduku chake. Taa ikiwa nyekundu vinakula, ikiwa kijani vimeshiba. Nisioge navyo, nisinyeshewe navyo, nisivipake chochote.

"Maji?" nikauliza.

"Hapana."

"Spiriti?"

"Hapana, mzee."

"Maji ya baraka?"

"Hasa hayo."

Akanionyesha pia vichujio vya nta, vidogo kama punje ya ulezi. Kikiziba, unang'oa cha zamani unapachika kipya. Mimi nikajaribu, kikaanguka, tukakitafuta sakafuni wote watatu tumepiga magoti kama Ijumaa Kuu.

Cha kulia nimekiita Askofu, kinakaa kimya na heshima zake. Cha kushoto ni Katekista: nikikiweka vibaya kinapiga filimbi mbele za watu.

17 Mei

Nimerudi nyumbani. Mke wangu Euphrasia alikuwa anachambua pamba na mgongo wake kwangu. Nikamwambia jembe limepinda. Akajibu, bila kugeuka, taratibu tu, "Jembe limepinda, na kichwa chako je, mbuzi wewe?"

"Mama Dorah, umeniita mbuzi?"

Pamba ikamwagika.

"Umesikia?"

"Tangu lini unaniita mbuzi?"

"Tangu ulipoacha kusikia."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nakuogopa."

Nilidhani mke wangu amekuwa mtu wa kimya uzeeni. Kumbe miaka yote hii alikuwa anazungumza vizuri kuliko redio, na mimi ndiye niliyekuwa nimezima.

18 Mei

Misa. Askofu na Katekista walizima wakati wa mahubiri kwa sababu jana sikuwachaji. Sikulalamika.

22 Mei

Nimechuma pamba nikiwa nimevaa. Nyuzi za pamba zikaingia kwenye kijitundu cha sauti, dunia ikawa inazungumza kutoka ndani ya gunia. Brashi ikatoa. Sasa shambani napiga kilemba juu ya masikio. Euphrasia anasema nafanana na mama yake. Nimemwambia nisalimiwe kwa heshima basi.

27 Mei

Umeme umekatika tangu jana. Nimepeleka kisanduku kwenye sola ya jirani, nikakaa kando yake nikikilinda, maana kuku wake wana tabia.

1 Juni

Mkutano wa kundi baada ya misa. Denis, mpiga ngoma mkuu, kijana wa maana ila anajua hivyo mno, alisimama akaanza kunipigia kelele kwa mikono, kama mtu anayefukuza ndege.

"MZEE! SISI TUNAKUPENDA! ILA MWAKA HUU..."

"Denis," nikasema, "sogea nyuma, umekula kitunguu."

Wakacheka. Yeye akashusha sauti. "Basi nitasema. Mwaka jana tuliaibika. Kama kweli unasikia, imba Saba Saba. Lakini George akikutukana ukashindwa kumjibu, usinga wa manju utampa mtu mwingine palepale uwanjani, na hutaushika tena."

Usinga ule alikuwa nao baba yangu. Aliuchukua kwa mjomba wake. Nikasema sawa, nikamfukuza nao nzi mmoja kwa dharau.

8 Juni

Mazoezi ya kwanza. Balaa tupu. Ngoma zilipopigwa, masikio yangu yakawa karasha upya: kishindo juu ya kishindo, maneno hayapo. Denis akanitazama, akatazama usinga.

9 Juni

Nimempigia Nuruddin. Anasema Askofu ana kitufe, nikikibonyeza kwa muda vyote viwili vinageuka, vinaacha kelele za nyuma na kusikiliza kilicho mbele. Alinieleza siku ile ya kwanza. Siku ile nilikuwa nasikiliza suruali.

Akaongeza: "Na mzee, hivi si masikio mapya. Ni msaada. Na wewe lazima usaidie. Mgeukie anayezungumza."

15 Juni

Nimebonyeza. Nikamgeukia Denis. Akaimba tusi la majaribio kuhusu magoti yangu. Nikalishika lote na kulirudisha likiwa na mkia. Wapiga ngoma wakaangua kicheko hata mdundo ukakatika. Denis naye alicheka, ila kwa meno machache.

21 Juni

Upepo na vumbi. Jasho pia. Nakausha nywele za kisogoni kabla ya kuvivua, navilaza kwanza kwenye kikopo cha kukaushia alichonipa Nuruddin, halafu kwenye kisanduku. Euphrasia anasema sijawahi kumlaza mtoto wangu yeyote kwa uangalifu huu. Ni kweli.

29 Juni

Denis amekuja nyumbani jioni, peke yake, ameketi. Akasema, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, wakati jua linazama, nikajua ana jambo. Akauliza kama nikishinda nitamfundisha kutunga. Nilidhani huyu kijana anautaka usinga tu. Anataka kilicho ndani yake. Nimemwambia aje na kuni.

5 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa hasira na mwandiko utaonyesha.

Kila kundi la ngoma lina mtunza dawa. Letu ni Bibi Sikujua. Kabla ya mashindano yeye hupaka kila kinachoingia uwanjani samli iliyochanganywa na unga wa mizizi yake, ili watazamaji wavutwe. Hupaka ngoma, njuga, na koo la manju. Ndivyo ilivyofanyika tangu zamani, na paroko wetu anajua ila hutazama upande mwingine.

Leo amekuja, mimi niko bafuni. Nikatoka nikifuta mgongo, nikamkuta ameketi mbele ya kisanduku, anatabasamu, vidole vinang'aa. Askofu na Katekista wamelala humo wameoga samli. Kofia zimejaa. Vile vidoti vya chuma vinavyopokea chaji vimefunikwa. Taa haikuwa nyekundu wala kijani, ilikuwa inapepesa kama jicho la mlevi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, sikujisikia. Nilimwona yeye tu anajibu, na Euphrasia akaniandikia kwa mkaa ukutani alichosema: ANAULIZA KAMA HIVI NDIVYO UNAVYOIMBIA, ANGEVIACHAJE BILA KUPAKA?

Kwa hesabu yake alikuwa sahihi kabisa. Angeruka masikio ningekuwa wa kwanza kulalamika.

Nilivaa Askofu: kimya. Nikavaa Katekista: kimya, hata filimbi hana. Nikakaa chini. Nilijiona uwanjani naimba bei ya pamba, na yule mbuzi ananitazama.

Euphrasia akachukua simu akampigia Nuruddin. Mimi namtazama mdomo, yeye anasikiliza, anatikisa kichwa, anaandika ukutani. USIOSHE. USIPASHE MOTO. Aliandika hilo la pili akaninyang'anya kiberiti. Kisha akaketi mlangoni penye mwanga na kitambaa kikavu. Akafuta samli mkunjo kwa mkunjo. Akageuza kofia juu chini akapiga brashi ili uchafu uanguke, usiingie ndani zaidi. Akavua kofia zilizolowa akavalisha mpya za akiba. Akafuta vidoti vya chaji, na vya kisanduku pia. Vichujio vilivyonishinda mimi mjini, yeye alivishika kama anavyonyofoa pamba kwenye miba ya kikonyo, bila kuchomwa. Askofu, kichujio kipya. Katekista, kichujio kipya.

Akavilaza. Taa ikapepesa. Ikazima. Nikafumba macho.

Akanigusa bega. Nyekundu.

Bibi Sikujua alikuwa bado ameketi pale, machozi yanamtiririka. Nilimchukulia mwanamke huyu kama mtu wa vitisho na vibuyu. Alikuwa mzee mwenzangu anayeogopa kwamba dunia imepata dawa nyingine. Nikamletea kofia yangu ya manyoya ninayovaa nikiimba, nikamwonyesha: paka hapa, yote, usibakize samli.

6 Julai

Kijani. Zote mbili. Namsikia Euphrasia anajisifu kwa majirani. Anaongeza chumvi. Muache.

7 Julai, Saba Saba

Tumeshinda. Nimeanza na hilo ili asiyependa hadithi ndefu akalale.

Uwanja ulijaa kuanzia mchana. Wauza miwa, wachimbaji wa Bugarama na miwani yao ya jua, wanawake wa pande zote. Bagalu wakaingia na George mbele, tumbo lake likiwa limefika kabla yake. Kabla hatujaanza, watu wake wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Silvesta ana redio masikioni. Kuna mtu mjini anamtungia."

Mwenyekiti akaja kukagua, ameshika kidevu kama daktari. "Mzee, hivi vitu vinakuambia nini?"

"Vinaniambia shati lako limechanika kwapani, mwenyekiti, nimelisikia ulipoinua mkono."

Akashusha mkono. Akasema ngoma ianze.

Nikabonyeza kitufe. Vishindo vikarudi nyuma kidogo, nikamgeukia George. Akaanza yeye:

*Silvesta, mzee wa karasha,*
*ulisaga mawe, ukasaga na akili;*
*leo umekuja na masikio ya kuazima,*
*ulimi nao umeazima kwa nani?*

Nilisikia lote! Kila neno! Hakuna mtu aliyewahi kutukanwa akafurahi kama nilivyofurahi mimi. Wapiga ngoma wangu wananitazama, Denis amekodoa macho. Nikaungoja mdundo, nikajibu:

*George, tumbo limefika uwanjani,*
*wewe bado uko njiani Ushirombo;*
*tuanze kumsalimia yupi,*
*tumbo, au mwenye tumbo?*

Uwanja ukalipuka. Watu wakaanza kuvuka kuja kwetu. Nikasubiri jibu lake.

Halikuja. George alikuwa anaendelea na wimbo wake wa kwanza. Watu wakaanza kumcheka, naye akacheka nao, macho yakirukaruka. Kisha nikaona anakotazama. Alikuwa ananitazama mdomo.

Mimi najua kutazama namna ile. Nimeishi kwa kutazama midomo. Yule mtu hasikii.

Ningeweza kummaliza palepale. Denis alikuwa ananipungia: maliza, maliza. Watu walikuwa wanakuja. Lakini tusi ambalo mwenyewe hakulisikia lina ladha gani? Ni kama kumwaga pombe kwenye kaburi la mtu asiyekunywa. Nikainua usinga, ngoma zikanyamaza. Nikavuka nusu ya uwanja, jambo ambalo manju hafanyi, nikasimama mbele yake jua likiniangaza usoni, nikaimba tena lile la tumbo, polepole, mdomo wazi.

Nikaona linamfikia. Kwanza machoni. Halafu tumboni kwenyewe, likatikisika. Na George, nampa haki yake, akarudisha bila kupumua:

*Tumbo langu limeshiba wali wa mke wangu;*
*lako limeganda mgongoni;*
*mwenzangu, mkeo anakulisha nini,*
*au naye umemwazima?*

Watu wakapiga mayowe, nusu wakarudi kwake. Sasa hii ndiyo ngoma! Tulikwenda hivyo, yeye na mimi, uso kwa uso, umati ukivuka huku na kule kama ng'ombe waliopotelewa na mchungaji, hadi jua likaanza kushuka na jasho likanifikia kisogoni. Nikajifuta kwa leso. Nikajua Askofu hana muda mrefu, ameanza kile kimlio chake cha njaa. Nikawageukia wanawake.

*Mke wangu alinitukana sikusikia,*
*akaona raha, akanenepa;*
*leo nasikia, ananikuna mgongo kwa woga:*
*mwenye mume asiyesikia akitumwa maji,*
*aje upande huu, nimwazime masikio!*

Wanawake walivuka wote. Wote! Wauza miwa wakabeba miwa yao. Mke wa George alikuwa wa tatu kutoka mbele. Vigelegele vilikuwa vikali hata Katekista akapiga filimbi kuwajibu. Euphrasia akapita katikati ya umati anapaza sauti, "Muongo huyu! Sijawahi kumwogopa!" na hapo wakazidi kuja.

Denis akanibeba mabegani. Usinga uko mkononi mwangu. Bibi Sikujua anamwambia kila mtu kwamba ni ile kofia.

8 Julai

Nimelala siku nzima. Vyombo pia.

13 Julai

George amekuja. Hakupiga hodi, alikaa nje chini ya upenu mpaka nikamwona. Nikavuta kigoda mbele yake, kwenye mwanga.

"Kwa nini ulirudia?" akauliza.

"Lilikuwa tusi zuri. Sikutaka lipotee."

Akagusa sikio lake. Kisha: "Mimi nilikuwa fundi baruti. Kule migodini."

"Nilikudhania hivyo."

"Mwaka jana, ulipoacha kunijibu... nilidhani unanidharau. Sikujua nawe husikii. Mimi mwenyewe sikukusikia, nilibahatisha tu."

Tukatazamana. Yaani mwaka jana viziwi wawili tuliimba kila mmoja wimbo wake, na uwanja mzima ukatoa hukumu! Tukacheka mpaka Euphrasia akatoka na mwiko kuangalia nani amekufa.

19 Julai

Nimempeleka George mjini kwa Nuruddin. Amekaa kwenye kile kizimba cha kuku. Amevalishwa vyake. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani anapumua hivyo?" Ni yeye. Nimemfundisha brashi, kisanduku, nyekundu, kijani, na kitufe, yote mbele ya Nuruddin, nami nikajiona profesa. Cha kulia amekiita Silvesta, kwa sababu kinasumbua.

Mke wake amenishukuru kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. "Wabeja sana, Baba Dorah!" George naye akasema atalipa fadhila hii, nitaje lolote.

26 Julai

Nimefikiri. Nimetaja. Ujumbe huu Euphrasia ataupeleka kwa simu kesho, mimi naunakili hapa:

Ndugu yangu George. Pamba yetu imebaki mistari miwili upande wa bwawani, na mgongo wa Mama Dorah umechoka. Ulisema nitaje, nami nataja kidogo tu: njoo asubuhi moja tuichume, wewe mstari huu, mimi ule. Vijana waache nyumbani. Piga kilemba juu ya masikio, nyuzi zisiingie. Na usiku wa kuamkia siku hiyo hakikisha taa zote mbili ni za kijani, maana nimekutungia matusi mengine, na safari hii sitaki kurudia.